Kigoda Mbele ya Bampa

Nimejaribu kumgonga mzee mmoja kwa gari mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ni yeye aliyeniomba. Sina kesi polisi wala kwa Mungu. Ukienda Kawangware, kwenye ule uwanja wa mafundi ulio nyuma ya maduka ya mbao, utawakuta watu wazima wenye akili timamu waliofanya hivyo hivyo: mwalimu mkuu, dereva wa gari la mkate, mchungaji, na landlord mmoja Mwislamu kutoka Kibera, mtu mpole ambaye hata paka wa jirani humpisha njia. Wote walimlenga mzee wa watu, wakakanyaga mafuta, na walipomaliza wakamshukuru.

Alikuwa fundi wa breki. Breki tu. Ukimpelekea injini inayokohoa alikwambia, "Injini ni ya kwenda. Mimi kazi yangu ni kusimama," halafu akarudi kwenye gazeti lake. Kwa maoni yake mji huu ulikuwa na mafundi wengi mno wa kwenda, na ndiyo maana mambo yalikuwa yalivyo. Jina lake nalijua, ila sijawahi kulitumia, na nikilitumia leo wenzangu watadhani nazungumza juu ya mtu mwingine. Tulimwita Fundi wa Breki, mbele yake na nyuma yake.

Basi mambo ya kigoda yalikwenda hivi. Kila alipomaliza gari, alichukua kigoda chake cha miguu mitatu, gazeti, na kikombe cha chai ya rangi, akatembea taratibu hadi mwisho wa uwanja, akaketi. Wewe mwenye gari ulirudi nyuma mpaka langoni. Katikati kulikuwa na tairi kuukuu lililozikwa nusu kwenye udongo. Ulitakiwa uje kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua, usiguse breki mpaka bampa lilipite lile tairi, kisha ukanyage. Kutoka kwenye tairi hadi magotini pake zilikuwa hatua ishirini, alizipima mwenyewe. Wakati huo wote alikuwa hakutazami. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo.

Ukikanyaga mapema, alikurudisha. Mimi alinirudisha mara tatu siku ya kwanza.

"Mama, umenihurumia," alisema bila kuinua macho. "Rudi nyuma. Ukinihurumia mimi hapa, nani atakuhurumia wewe pale Dagoretti Corner?"

Nilikuwa nimeuza mapazia ya mitumba Soko la Toi kwa muda wa kutosha kujua wateja wendawazimu na wafanyabiashara wendawazimu, lakini huyu sikumpatia fungu. Nikamwambia sitamwendea tena, anipe ufunguo nijiendee zangu nyumbani Ayany. Akasema ufunguo uko ndani ya gari na gari haliondoki uwanjani bila kukaguliwa. Mama Chai, ambaye jiko lake lilikuwa pale pale ukutani, alikuwa anakanda unga. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayechelewesha foleni.

"Mama, mgonge tu," akasema. "Kuna watu wanangoja."

Nikamwendea. Nilifumba jicho moja. Gari lilisimama likiwa limebakiza nafasi ya mtu kupita na debe la maji, naye akafungua ukurasa wa pili.

Huo ndio ulikuwa mtaji wake wote. Hakuwa na bango wala cheti cha ukutani, hata ukuta wenyewe ulikuwa wa Mama Chai. Watu walimfuata kutoka Kibera, kutoka Nyayo Highrise, kutoka mbali zaidi ya hapo, kwa sababu ya neno moja: nani mwingine atakaa mbele ya kazi ya mikono yake akinywa chai? Na sisi sote tulijua, naye alijua kutuzidi, kwamba siku atakayoinuka kutoka kwenye kile kigoda gari likija, hata kama ni nyuki aliyemuuma, biashara imekwisha. Hakuna atakayerudi.

Hakuwahi kuinuka. Alipiga chafya akiwa amekaa.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Kigoda kilikuwa ni upuuzi, kazi haikuwa upuuzi. Diski mpya za breki, zile sahani za chuma zinazobanwa gurudumu lisimame, hutoka dukani zimepakwa mafuta zisishike kutu. Mafundi wengine huzifunga hivyo hivyo, wakasema mafuta yatajichoma yenyewe. Yeye alizinyima ruhusa ya kuligusa gari kabla ya kuoga. Aliziogesha kwa sabuni ya mche na maji ya moto ya Mama Chai, ndani ya beseni la rangi ya waridi, akazikausha papo hapo kwa taulo ambalo lilikuwa jeupe kuliko mataulo ya nyumbani kwangu. Baada ya hapo hakuna kidole kilichoruhusiwa kugusa uso wa diski. Alizibeba kwa ukingo tu, viganja vimesimama. Landlord wa Kibera aliwahi kuigusa moja kwa kidole, kwa kupendezwa tu, na ikaogeshwa upya mbele yake huku akisomewa hotuba.

Kabla ya kuivalisha diski, alisugua kwa msasa mahali inapokaa, mpaka kutu yote itoke. "Kutu ya unene wa karatasi hapa," alisema, "huko kwa usukani itakuwa tetemeko la ardhi." Halafu nati. Nati hazikazwi kwa kufuatana. Ukikaza moja, unaruka upande wa pili, halafu unarudi, kidogo kidogo, mpaka zote ziwe sawa. Alinieleza kwamba ni kama kwenda ukweni: ukikaa sana na upande mmoja, upande wa pili unanuna, na kitu kizima kinakaa mshazari. Nilimuuliza kama yeye ukweni kwake walikaa sawa. Akasema nati zina adabu zaidi.

Mafuta ya breki ndiyo yalimfanya achukiwe na Mama Chai kwa karibu mwaka mzima. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishashika maji, siku utakapoteremka mlima umekanyaga breki kwa muda mrefu, yatachemka na mguu utakwenda na pedali mpaka chini. Kwa hiyo alikuwa hakubali chupa iliyokwisha funguliwa, hata kama imefunguliwa asubuhi, hata kama imefunguliwa na mama yako mzazi. Na ili mteja aelewe kwa nini anaambiwa abadilishe, alimimina ya zamani kwenye glasi moja, na chai yake kwenye glasi nyingine, akaziinua juani. "Ikifanana na strungi, hii chai ya rangi, imekwisha." Glasi zote mbili zilikuwa za Mama Chai. Siku alipogundua, alizivunja zote mbili mbele yake kwa nyundo ya Fundi mwenyewe, na tangu siku hiyo alimpa chai kwenye kikombe cha bati chenye alama ya rangi ya kucha, ambacho mtu mwingine yeyote angekigusa angefukuzwa uwanjani.

Kubadilisha mafuta kunataka watu wawili. Mmoja yuko ndani anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua kijibomba kidogo kwenye gurudumu, mafuta ya zamani na hewa vitoke, kisha anafunga kabla yule wa ndani hajaachia. Yeye alianza na gurudumu lililo mbali zaidi na ile chupa ya mafuta iliyo chini ya boneti, akaja karibu, karibu, akijazia chupa isikauke. Wa ndani alikuwa ni wewe mwenye gari. "Kanyaga! Shikilia!" Na ukishashikilia, ndipo alipokumbuka hadithi. Alikuwa na hadithi ndefu ajabu, hasa moja ya mbuzi aliyeingia kwenye ofisi ya chifu, na mguu wako ukawa unatetemeka juu ya pedali huku yeye chini ya gari anakueleza mbuzi alikuwa wa rangi gani. Siku moja simu yangu ililia, nikaachia. Hewa ikaingia, kazi ikaanza upya kutoka gurudumu la kwanza. Hakunisemesha mchana kutwa. Alipotaka nikanyage alimwambia Mama Chai aniambie nikanyage, nami nilikuwa mita moja kutoka kwenye kichwa chake.

Lakini kilichotufanya tumheshimu kuliko kigoda kilikuwa ni maombi yake.

Gari likishafungwa, magurudumu yamegusa chini, kabla hajachukua kigoda, alifungua mlango wa dereva akakaa. Mguu wa kushoto nje, wa kulia ndani. Mikono juu ya mapaja, uso umeelekea juu, macho amefumba, midomo inacheza bila sauti. Uwanja wote ulinyamaza. Mama Chai alipunguza redio. Landlord aliinua viganja. Mguu wake ule wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka pole pole kwenye pedali, kama mtu aliyezama kweli kweli katika sala, nasi tulikuwa tunaambiana kwamba wengine hulia, wengine hutikisa kichwa, huyu wa kwetu hutikisa mguu. Alipomaliza alivuta pumzi, akashuka. Tukaitikia, amina kwa upande huu na amin kwa upande ule.

Mwanzoni niliitikia tu. Baadaye nikaanza kumtuma. "Fundi, ukiwa huko ndani nitajie pressure yangu ya damu." Akasema sawa. Landlord naye akamtuma: alikuwa na mpangaji mkorofi aliyepiga ngoma chumbani. Akasema sawa. Mpangaji alihama mwezi huo huo. Basi ikawa hata watu wasio na gari wanapita uwanjani siku za kazi nyingi, wanamnong'oneza dirishani, naye anaitikia kwa kichwa. Mchungaji hakupendezwa, lakini breki za gari lake alizileta pale pale. Tulipomuuliza Fundi anasali kanisa gani, alijibu, "Mimi ni wa breki," tukachukulia kwamba huo ni unyenyekevu.

Mtu huyu, ambaye magari yalimwendea kila siku akayasomea matangazo ya vifo, alikuwa anaogopa kuvuka barabara. Si utani. Nimemwona kwa macho yangu kwenye Naivasha Road amesimama ukingoni kwa muda ambao mimi ningeuza pazia na kulipima upya. Alikuwa anangoja wanafunzi. Wakija, anajiingiza katikati yao, mkubwa wa watu, anavuka ameshika mkoba wa mtoto wa darasa la pili.

Na gari hakupanda. Hakupanda la mtu yeyote, hata lile alilotoka kulifunga mwenyewe. Alitoka kwake Kibera kwa miguu kila asubuhi, akarudi kwa miguu kila jioni, mvua na jua. Tulimwambia mganga hajigangi, akacheka. Aliwahi kufiwa huko Machakos, akaanza safari kwa miguu Alhamisi mchana ili awahi mazishi ya Jumamosi. Alifika Jumamosi jioni, kaburi limeshafunikwa, sufuria zinaoshwa. Ndugu zake walikasirika, halafu wakamwonea huruma, wakamtafutia lifti ya kurudi. Aliinama akachungulia chini ya lile gari, akainuka, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono, akaanza kutembea.

Nilimuuliza sababu siku moja tulipokuwa tunangoja diski zikauke.

"Mama Pazia," alisema, maana aliniita hivyo, "mimi simwogopi fundi aliyekosea. Namwogopa fundi ambaye hajakosea bado. Kosa lake liko njiani linakuja. Sasa hizi gari zote, mimi najuaje la nani limeshapita na la nani bado?"

"Na zile unazofunga wewe?"

"Mimi sijakosea bado," akasema, na hakuwa anajisifu. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mikono ilianza kumtetemeka mwaka juzi, au labda mapema zaidi akatuficha. Kwanza niliona chai. Alikuwa hajazi kikombe tena, anaomba nusu. Halafu nikaona gazeti, ambalo hata siku isiyo na upepo lilikuwa linapepea. Kazi yenyewe alikuwa bado anaiweza, polepole, akiegemeza kiwiko kwenye goti. Shida ilikuwa kigoda. Kwa sababu mtu anayekuja na gari, anamwona mbele yake mzee ameshika gazeti linalotetemeka, na kikombe kinachogonga meno, yeye haoni uzee. Anaona hofu. Nilimsikia yule dereva wa mkate akiwaambia wenzake, "Mzae mwenyewe anatetemeka, si mimi nitakufa?" Akampelekea gari lake kijana wa upande wa pili wa uwanja. Mwalimu mkuu akafuata. Baada ya Pasaka nilisikia kwamba Fundi anakaa kutwa nzima juu ya kigoda na hakuna gari linalomjia. Niliona uchungu kweli kweli. Mtu aliyekaa mbele ya mabampa miaka yote hiyo, ameangushwa na kikombe.

Nilimfuata mwezi uliopita. Sikuwa na huruma tu, nilikuwa na shida: diski zangu za mbele zilikuwa zimeisha, usukani ukitetemeka kila nikisimama. Mafuta yalikuwa bado mazuri, alikuwa ameyabadilisha mwenyewe miezi michache nyuma. Nilinunua diski mpya na pedi mpya, vile vibao vinavyoibana diski, nikamkuta uwanjani saa nne asubuhi, mikono ameikumbatia kwapani.

"Fundi, habari ya siku nyingi. Nimekuletea kazi."

"Mpelekee kijana pale. Yuko sawa."

"Ameshakosea?"

Akafikiri. "Bado."

"Basi sitaki."

Alitoa mikono kwapani akanionyesha. Ilikuwa inacheza kivyake. "Nati siishiki, Mama Pazia. Nimejaribu jana na nati tupu, hapa juu ya meza. Mkono siku hizi una maoni yake."

Mama Chai akaleta kikombe cha bati, nusu. Halafu mzee akasema, kama anayezungumza na kile kikombe, "Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe umenitazama mara ngapi?"

"Mara kumi."

"Vua hizo viatu zako nzuri."

Hivyo ndivyo mwuza mapazia wa Toi alivyofunga breki zake mwenyewe, kwa lesso na soksi za kuazima, mbele ya uwanja mzima. Mafundi waliacha kazi zao wakaja. Dereva wa mkate alikuja amebeba kiti. Kijana wa upande wa pili alisema leo kutakuwa na mazishi na mapazia yatatoka bure. Landlord wa Kibera, aliyekuwa ameleta gari la binamu yake kwa huyo huyo kijana, alijifanya anapita tu, akabaki. Mimi niliogesha diski. Nilisugua kutu. Nilirudisha pistoni, kile chuma kinachosukuma pedi, ndani kwa koleo lile kubwa, kidogo kidogo, kama alivyoniambia, nikapanga pedi mpya, nikakaza nati kwa kuruka. Alikuwa ananiongoza kwa mdomo tu, na kwa kidevu. Mara moja nilitaka kuikamata diski usoni, akapiga kelele mpaka mbwa akakimbia.

Niliposhusha jeki, akasema, "Sawa. Sasa malizia pale ndani, kama mimi."

Nikamwelewa. Niliingia nikakaa. Mguu wa kushoto nje, wa kulia ndani. Mikono juu ya mapaja. Uwanja ukanyamaza, Mama Chai akapunguza redio. Na mimi, kwa moyo wangu wote, nikaomba. Nilimwombea yule mzee, nikaombea mikono yake, nikaombea jina lake lirudi, nikaongeza pressure yangu kwa kuwa tayari nilikuwa pale. Nikasema amina. Wote wakaitikia.

Yeye alikuwa ameshageuka, anakwenda na kigoda chake mwisho wa uwanja. Gazeti lilikuwa linapepea. Nilimwona akiketi, na nikajua, kama kila mtu aliyesimama pale alivyojua, kwamba hii ndiyo siku. Akiinuka, hatakaa tena. Asipoinuka, basi uhai wake uko chini ya mguu wangu, mguu wa mwuza mapazia.

Nikarudi nyuma hadi langoni kwa injini, sikugusa breki, lango likanisimamisha lenyewe kwa kishindo kidogo. Nikaweka gia. Nikaja. Mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Tairi likapita chini ya bampa, nikakanyaga.

Pedali ikaenda mpaka chini. Hakukuwa na kitu pale. Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo.

Sikupiga kelele. Niliona gazeti likishuka, mara ya kwanza kwa miaka yote, nikaona macho yake, na macho yake hayakuwa na hasira, yalikuwa yananitazama mguu kupitia kioo, kana kwamba angeuona. Nikakanyaga tena. Chini. Nikakanyaga tena, ikashika katikati. Mara ya nne ikawa ngumu kama jiwe, na gari likainamisha pua, na namba yangu ya usajili ikamgusa goti.

Vumbi likatupita. Nilikuta mkono wangu umeshika kidole gumba changu mwenyewe.

Hakuwa ameinuka. Chai ilikuwa imemwagika juu ya matangazo ya vifo, kikombe kiko chini, lakini makalio yake yalikuwa juu ya kigoda. Dereva wa mkate alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mzae hajatoka! Wazi, hajatoka!" Watu wakapiga makofi, mmoja akaimba. Niliteremka, nikashikilia boneti.

"Mama Pazia," akasema Fundi, taratibu sana. "Pale ndani ulifanya nini?"

"Niliomba."

"Ulikanyaga mara ngapi?"

"Kukanyaga nini?"

Akanitazama. Akamtazama Mama Chai, akamtazama landlord, ambaye viganja vyake vilikuwa bado viko juu. Nikaona kitu kinamwingia pole pole, kitu ambacho miaka yote hakuwa amekifikiria.

"Ukirudisha pistoni nyuma," akasema, "pedi zinakaa mbali na diski. Lazima ukanyage mpaka pedali ipande. Kabla gari haijasonga hata inchi. Mara kumi, kumi na mbili. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Miaka hii yote?"

"Miaka hii yote."

"Ngai," akasema Mama Chai.

"Na pressure yangu?"

"Hiyo nilikuwa naitaja nikifika saba. Hapo pedali inakuwa imeanza kupanda, mtu anapata nafasi."

Landlord akasogea. "Na mpangaji wangu?"

"Huyo nilimsahau. Alihama mwenyewe."

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia, halafu nikamkasirikia kwa sauti. Nilimwambia angekufa. Nilimwambia mtu mwenye akili angeruka. Alinisubiri nimalize, mikono yake juu ya magoti inatetemeka yote miwili.

"Nilitetemeka?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. "Ulitetemeka, Fundi."

"Ilikuwa mikono, ama ilikuwa mimi?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Dereva wa mkate alikuwa tayari anamwuliza kama kesho kutwa atakuwepo, ana gari lina shida, atakuja na mtu wa kufunga kwa mikono. Fundi alichukua kigoda chake, akakipangusa vumbi, akakisogelea kile kitu ambacho hakuwahi kukisogelea: mlango wa abiria wa gari langu. Akaufungua.

Uwanja ulinyamaza kuliko siku za maombi.

"Fundi?"

"Wewe kosa lako limeshapita," akasema. "Nimeliona kwa macho. Nipeleke nyumbani."

Aliingia na kigoda, akakiweka mapajani. Nilimfunga mkanda, maana mikono yake haikuweza na hakujua unakoanzia. Nilikaa upande wangu. Nilikanyaga pedali mara kumi na mbili, nikihesabu kwa sauti, wote wakisikia. Ilikuwa ngumu tangu ya kwanza.

Nilipotaka kuwasha injini nilimtazama. Uso ulikuwa juu, macho amefumba, midomo inacheza. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka kwenye sakafu tupu.

"Fundi, hakuna pedali huko. Unahesabu nini?"

"Leo sihesabu," akasema, bila kufumbua macho. "Leo naomba. Endesha."